Gari linalolia breki lisipakie abiria

Siku ya mnada, watu wa Hirbadaw na vijiji vya jirani hulisikia gari kabla ya kuliona. Noah iliyosheheni abiria, magunia na kuku inakata kona, dereva anagusa breki, na mlio mwembamba unapasua hewa hadi ng'ombe waliofungwa kando ya njia wanageuza shingo. Ndani ya gari hakuna anayeshtuka. Mlio huo umezoeleka kiasi kwamba wapo wanaoweza kulitaja gari na dereva wake kwa kusikia breki tu. Abiria mgeni akiuliza, konda ana jibu la siku zote: "Vumbi tu hilo, mama, tukifika litanyamaza."

Mara nyingine konda husema kweli, na ndiyo maana jibu lake ni la hatari. Barabara nyingi za pande hizi, mpakani mwa wilaya za Mbulu na Hanang, ni za udongo na changarawe. Kiangazi hutoa vumbi laini linaloingia kila upenyo. Masika hutoa tope linaloganda ndani ya rimu. Hata gari lenye breki nzima linaweza kulia asubuhi baada ya mvua ya usiku, kwa sababu diski ni ya chuma na hushika kutu nyepesi kwa saa chache. Dereva akikanyaga breki mara tatu nne, kutu inafutika na kelele inakwisha. Mlio wa namna hiyo hauna kesi. Lakini kwa sikio lisilozoea, mlio wa vumbi na mlio wa breki iliyokwisha inafanana, na watu wameamua kuamini kwamba kila mlio ni wa vumbi.

Imani hiyo inahatarisha maisha, na madereva, wamiliki wa magari, abiria na wakaguzi wote wana fungu lao katika kuiacha iendelee.

Wengi hawajui kwamba breki za kisasa zimetengenezwa zilie. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma kilichopachikwa pembeni. Pedi ikiwa nene, kibati hakigusi kitu. Ikilika hadi kubaki milimita 2 au 3 hivi, ncha ya kibati huanza kugusa diski inayozunguka, na hapo hutoka ule mlio mkali kama wa filimbi. Kiwandani waliuweka kwa makusudi, ili dereva akereke na aende gereji wakati pedi bado ina unene wa kumfikisha. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie anaizima taarifa aliyokwisha kuilipia siku gari liliponunuliwa.

Akiendelea kupuuza, mlio hubadilika. Ile sauti nyembamba hupotea, na wapo madereva wanaofurahi kwa kudhani vumbi limetoka. Baada ya muda huja kwaruzo zito, la chuma kwa chuma, linalosikika mpaka kwenye sakafu ya gari na kuhisiwa na unyayo kwenye pedali. Pedi imekwisha kabisa. Bamba la chuma lililokuwa limeibeba ndilo linalokwangua diski sasa, na kazi iliyokuwa ya kubadilisha pedi peke yake imekuwa ya kubadilisha pedi na diski. Zaidi ya gharama, gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na mtoto anayevuka barabara na ndama wake hana habari na hesabu hiyo.

Ukweli wa breki hauhitaji mashine ya bei kubwa kuonekana. Chini ya boneti kuna kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki, chenye alama ya juu na alama ya chini. Kadiri pedi zinavyolika, ndivyo pistoni za breki zinavyosogea mbele kuzifuata, na mafuta kwenye kikopo yanashuka taratibu. Fundi anayeona yameshuka akajaza tu bila kufungua tairi amefuta dalili na kuacha ugonjwa pale pale. Fundi makini hupandisha gari kwa jeki, hufungua nati, hutoa tairi, kisha humulika kwa tochi ya simu katikati ya kalipa aone unene uliobaki. Diski ikishapoa, hupitisha ukucha juu yake kutoka ndani kwenda nje. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, diski imeliwa. Kazi yote kwa tairi moja haizidi muda wa kunywa chai kikombe kimoja, na inaweza kufanyika chini ya mti popote palipo na jeki nzima na jiwe la kuzuia tairi.

Swali la kwanza ambalo fundi wa kweli humuuliza dereva ni hili: linalia ukikanyaga breki, au linalia hata ukiiachia? Jibu hilo pekee hugawa kazi mara mbili. Likilia kwa kukanyaga tu, macho yaende kwenye pedi, diski, breki shuu na dramu. Likilia muda wote, na kelele ikaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, uchunguzi uende kwenye tairi na vyote vinavyolizungusha.

Katika barabara za changarawe, kelele ya muda wote ina chanzo kimoja ambacho ni cha kuchekesha kikigundulika, ingawa sauti yake inatisha kuliko zote. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na maji. Kijiwe kikijipenyeza kati ya bati na diski, gari zima hupiga ukelele wa chuma usiokatika, abiria hushuka wakidhani ekseli imekatika, na safari huishia hapo. Mara nyingi dereva akirudi nyuma mita chache kijiwe hudondoka chenyewe. Kisipodondoka, bisibisi husogeza bati kidogo kikatoka. Ni jambo la dakika tano. Fundi asiye mwaminifu anaweza kumuuzia dereva mgeni diski mpya kwa ajili ya kijiwe hicho.

Beringi ni habari nyingine. Yenyewe haipigi filimbi wala haikwaruzi, huvuma. Mvumo huanza chini chini, dereva akadhani ni tairi kipara au upepo wa dirishani, kisha hukua mwezi hadi mwezi hadi abiria wa nyuma wanalazimika kupaza sauti wakizungumza. Kuna njia rahisi ya kujua ni upande upi. Gari likikata kona ya kulia, uzito wake huegemea kushoto. Mvumo ukizidi kwenye kona hiyo, mshukiwa ni beringi ya kushoto. Ukizidi kwenye kona ya kushoto, ni ya kulia. Baada ya hapo gari linapandishwa jeki, fundi anashika tairi juu na chini, analitikisa. Tairi lenye beringi nzima halichezi.

Beringi za magari ya vijijini hufa mapema, na sababu yake iko wazi. Masika dereva huvuka makorongo yenye maji, tairi zikiwa zimepata moto wa safari. Maji ya baridi na tope hupenya kwenye sili, huosha grisi, na kuacha vyuma vikisagana vikavu. Gari la mjini lenye umri uleule linaweza kwenda miaka mingi zaidi na beringi zilezile. Kwa hiyo ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kwa ajili ya lami ya Tokyo au Dar es Salaam haiwezi kuwa ratiba ya gari linalofanya kazi kati ya Haydom, Hirbadaw na Katesh. Huku ukaguzi unatakiwa ufanyike mara nyingi zaidi, hasa mvua zinapokatika.

Kuna pia mlio mfupifupi wa kugonga, "ko-ko-ko", unaosikika dereva anapokata usukani hadi mwisho na kuondoka. Huo ni wa sivi jointi, na mara nyingi huanza kwa raba iliyochanika na kuingiza mchanga. Na kuna mlio wa kugonga wa nati za tairi zilizolegea, ambao haupaswi kusubiri hata kilomita moja. Tairi likitoka kuzibwa pancha, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Karibu kila dereva anaijua kanuni hii. Wanaoifuata ni wachache.

Kuliko kelele zote, kinachostahili kuhofiwa zaidi katika nchi hii ya milima ni joto. Mlima Hanang wenyewe, wenye urefu wa takriban mita 3,420, unaitawala wilaya nzima, na upande wa mashariki wa Mbulu ardhi inakatika ghafla kuingia Bonde la Ufa. Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Mbulu uko juu zaidi ya mita 1,700. Dereva anayeshuka Mlima Magara kutoka Mbulu kuelekea barabara kuu ya Babati na Arusha anashusha gari kwa mamia ya mita katika umbali mfupi wa kona kali.

Hesabu yake inafaa kuandikwa. Gari la tani 2 likishuka mita 700, nishati inayopaswa kumezwa njiani inatosha kuchemsha maji ya ndoo mbili za lita 20 kutoka ubaridi wa kawaida hadi yachemke. Dereva akitumia gia nzito, sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na injini. Akiweka "free" ili kuokoa mafuta, ndoo hizo mbili zote zinachemshwa na vipande vichache vya pedi, ambavyo vyote kwa pamoja vinaweza kubebwa kiganjani. Pedi zilizobaki milimita 2 hazina unene wa kuzuia joto lisipite kwenda kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewa kwa miaka miwili mitatu, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, mapovu huingia kwenye mfumo, pedali inashuka mpaka sakafuni, na gari halisimami. Dereva aliyeokoka husema breki "zimekata ghafla". Mlio ulikuwa umeonya tangu wiki zilizopita.

Kanda ya Kaskazini inalijua jambo hili kwa machungu. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori lililopata hitilafu ya breki liliyagonga magari matatu yaliyokuwa mbele yake. Watu 25 walifariki, Watanzania pamoja na wageni kutoka nje ya nchi. Miezi minane kabla, Juni 30, 2023, lori lililoshindwa kusimama kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya liliingia katikati ya magari na wachuuzi wa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Baada ya kila ajali ya namna hii kuna rambirambi, kamata kamata ya magari mabovu kwa wiki mbili, kisha ukimya.

Kwa nini dereva anayejua breki zake zimekwisha anaendelea kupakia? Kumwita mzembe ni rahisi, na wapo wazembe. Lakini wengi wa wanaoendesha magari ya abiria vijijini si wamiliki. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, na siku gari likilala gereji hesabu haisubiri. Duka la spea la karibu linaweza kuwa Katesh, Haydom au Babati. Akifika huko anakuta pedi za aina tatu kwenye boksi zinazofanana: halisi, ya bei nafuu inayokubalika, na feki inayokwisha ndani ya wiki chache au kumeguka ikipata moto. Tajiri ametoa pesa ya ile ya tatu. Dereva anaifunga na kurudi barabarani, na baada ya mwezi kelele imerudi.

Hapo ndipo ujanja wa gereji unapoingia. Wapo wanaopaka grisi kwenye uso wa breki shuu ili zisilie, jambo ambalo ni sawa na kuiondoa breki hiyo kabisa. Wapo wanaobadilisha pedi za upande mmoja tu kwa kuwa ndizo zilizolia, na gari linapokanyagwa breki linavuta upande na kuitafuta mitaro. Utingo wa malori humwagia maji dramu zenye moto mlimani, na chuma kinachopozwa ghafla hupata nyufa. Vijana wa gereji nao hupuliza vumbi la dramu kwa kompresa, wakati breki shuu nyingi za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini, huwa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa inasababisha saratani. Vumbi hilo lioshwe kwa maji na kitambaa kilicholowa, gari likiwa limepoa. Hakuna kijana anayestahili kuugua mapafu akiwa na miaka 50 kwa kuwa alifundishwa kazi na mtu ambaye naye hakufundishwa.

Noah na Probox zinazofanya kazi huku zilianza maisha Japani, ambako gari dogo la kawaida hukaguliwa kwa lazima miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Uingereza gari lililofikisha miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na pedi iliyobaki chini ya milimita 1.5 hulikosesha cheti. Magari hayo hayo ya Japani yakifika mkoani Manyara yakiwa yamechoka zaidi, yenye mzigo mkubwa zaidi na barabara mbaya zaidi, ukaguzi yanaokutana nao mara nyingi ni wa macho: leseni, bima, stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo. Stika haioni pedi. Askari anayesimamisha gari barabarani hana jeki, na gari lenyewe lina abiria kumi na wawili wanaolalamika kucheleweshwa.

Ukaguzi unaofaa mazingira haya unawezekana bila kusubiri mitambo ya mabilioni. Magari mengi ya vijijini hukusanyika mahali pamoja siku za minada. Halmashauri za Mbulu na Hanang hukusanya ushuru wa mifugo siku hizo hizo. Sehemu ya ushuru huo ikijenga shimo la ukaguzi la zege, lenye paa la bati, jeki mbili na taa, katika vituo vichache kama Haydom, Basotu na Katesh, gari linaweza kufunguliwa tairi na kupimwa pedi wakati abiria wanaendelea na biashara zao. LATRA, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye jukumu la kudhibiti usafiri wa ardhini wa kibiashara, iweke sharti kwamba leseni ya gari la abiria la vijijini iambatane na karatasi ya kipimo cha breki, yenye milimita zilizoandikwa kwa kila tairi na jina la fundi aliyepima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani. Utaratibu huo ufike kwenye gereji za chini ya miti, maana huko ndiko magari ya wengi yanakotengenezwa.

Wapo watakaosema masharti haya yatayaondoa magari barabarani na kuwaacha wakulima na wagonjwa bila usafiri. Hoja hiyo ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikipokea wagonjwa wa ukanda huu tangu 1955, na kwa familia nyingi Noah inayolia breki ndiyo gari pekee la kumfikisha huko mama mjamzito. Kwa hiyo mwanzo uwe wa kupima na kutoa muda: pedi iliyo chini ya kiwango ipewe siku saba, iliyofika kwenye chuma isipakie mtu hadi ibadilishwe. Tajiri aliyekataa kutoa pesa ya pedi awajibike yeye, kwa maandishi, pamoja na dereva. Leo dereva ndiye anayelala mahabusu peke yake ajali ikitokea.

Abiria nao wana sauti ambayo hawaitumii. Mama aliyelipa nauli kamili ana haki ya kuuliza pedi zilibadilishwa lini, na wazee wa kijiji wanaosikilizwa kwenye kila jambo wana haki ya kumwita mmiliki na kumwambia gari lake limelia vya kutosha. Kabla ya kupanda, msikilize dereva anavyosimama. Ukisikia chuma kinakwangua chuma, usipande, na mzuie mwenzako asipande. Mwambie konda sababu kwa sauti ambayo wengine wataisikia, kisha mpigie simu mtendaji wa kata kabla gari halijaondoka.